Dawa za baipola: amepoa, lakini je, zimeshika?

SWALI: Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Alikesha siku kadhaa, akagawa hadi nyavu zake, tukaambiwa ana baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Sasa ni wiki ya tatu anameza kabamazepini na haloperidoli. Amepoa, ila hatulii kitini. Mama anasema dawa hazifanyi kazi, tuziache. Tutajuaje? – Dada mtu, Ujiji

JIBU: Pole, dada. Dawa msiziache. Kupoa peke yake si kipimo, maana haloperidoli hulegeza mtu hata kabla ugonjwa haujatulia. Tazameni usingizi. Aliyekuwa akilala kwa muda wa saa mbili tu na kuamka na nguvu tele, akirudi kulala kwa muda wa saa saba au nane, hiyo ni dalili njema. Sikilizeni na maneno: je, anamaliza hoja moja kabla ya kurukia nyingine? Anakubali kukatizwa?

Huko kutotulia mkuchunguze. Muulizeni kama ni mawazo yanayokimbia au ni miguu. Akisema miguu inamlazimisha atembee, na mazungumzo yake ni ya kawaida, huenda ni madhara ya haloperidoli. Wengi hapo hudhani ugonjwa umerudi, dozi ikaongezwa, naye akazidi kuhangaika. Rudini kliniki ya afya ya akili, kwa mfano hospitali ya Maweni, muwaeleze hivyohivyo.

Kabamazepini nayo ina tabia yake: katika wiki za mwanzo ini huzoea kuivunja upesi, hivyo dozi iliyomtuliza huweza kupwaya kufikia wiki ya tatu hadi ya tano. Usingizi ukianza kupungua tena, daktari aangalie dozi. Hupunguza pia nguvu ya dawa ya mseto ya malaria, kwa hiyo anayemtibu malaria aambiwe. Upele wenye homa au vidonda mdomoni: msimpe kidonge kingine cha kabamazepini, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Wekeni daftari. Kila siku andikeni saa alizolala (na za mchana), vidonge alivyomeza, hela aliyotumia. Kukesha ziwani kwenyewe kunaweza kumpandisha. Kwa sasa ni heri aanike dagaa mwaloni Kibirizi kuliko kwenda na taa usiku. Kama dawa inazuia ugonjwa kurudi, hilo mtalipima kwa miezi sita na kuendelea: vipindi vya ugonjwa vikija kwa nadra, vifupi, vyepesi.

Akianza kulala kutwa na kususia chakula, huko ni kushuka, si kupona. Akitaja kufa, mpelekeni usiku huohuo.