Eko ya kinanda: ulichosikia chumbani sicho kitakachosikika kanisani

Nimepiga kinanda kwenye kwaya hapa Mtwara mjini kwa miaka kadhaa sasa, na aibu kubwa kuliko zote niliyowahi kuipata haikutokana na vidole. Ilitokana na eko.

Jumamosi hiyo usiku nilijifungia chumbani kwangu Chuno, nikavaa hedifoni, nikachagua piano na sauti ya nyuzi (kama fidla nyingi pamoja) chini yake, kisha nikapandisha rivabu, yaani hiyo eko ya kinanda, mpaka 90 kati ya 127, aina ya ukumbi mkubwa. Ikatoka tamu mno. Nikalala nikiamini kesho watu watatoa machozi.

Kanisa letu lina bati juu, dari halina, sakafu ni ya saruji. Kwenye pambio la kwanza tu, kodi ya F iliikuta ya C bado inazunguka darini kusiko na dari, na ya G ikaja kuzipanda zote mbili (nasema kodi za muziki, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za TRA). Waimbaji wakaanza kutazamana. Ibada ilipokwisha, mama mmoja wa sauti ya pili alinifuata taratibu, akanishika bega: "Mwalimu, mwanangu, leo ulikuwa unapigia ndani ya kisima?"

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 17 kutoka ulipo, sauti itakwenda na kurudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha itagonga ukuta mwingine, na bati, na sakafu, mpaka ichoke. Huo mkia wa sauti ndio rivabu, ambao wengi wetu tunauita eko. Kinanda hakina kuta, kwa hiyo kinaziigiza: ukichagua aina ya ukumbi, kinatengeneza ukumbi wa bandia. Mimi nilichukua ukumbi wa bandia nikauingiza ndani ya jengo lenye mwangwi wake wa kuzaliwa. Piga hesabu kidogo. Pambio la mwendo wa mapigo 120 kwa dakika lina mapigo mawili kila sekunde. Mkia wa sekunde mbili unafunika mapigo manne, yaani umeshabadilisha kodi na ile ya zamani bado haijaondoka. Kwenye wimbo wa polepole mkia huohuo unapendeza, maana kodi moja inakaa muda mrefu.

Tangu hapo nina desturi moja. Nikifika mahali papya, kabla sijafungua begi la kinanda, nasimama katikati na kupiga kofi moja kubwa. Kofi likikatika hapohapo, nina nafasi ya kuongeza rivabu. Likivuma na kukawia, naanza na sifuri na kupanda kidogokidogo. Kumbuka pia kwamba kanisa tupu na kanisa lililojaa ni majengo mawili tofauti. Nguo na miili ya watu hunywa sauti, kwa hiyo ukipima saa moja asubuhi viti vikiwa vitupu, usishangae saa nne mambo yakiwa makavu kidogo. Ni afadhali ukavu huo kuliko kisima.

Sasa vitufe. Vinanda vingi tunavyotumia huku ni vile vya kujifunzia, mfano Yamaha za PSR-E, na humo rivabu haina kitufe chake. Unabonyeza FUNCTION, unatembea kwenye orodha mpaka uone jina la rivabu, kisha unabadilisha namba. Hapa watu wengi hukwama kwa sababu kuna mambo mawili yanayofanana majina. Moja ni aina ya rivabu: ukumbi, chumba, jukwaa. Hiyo inahusu kinanda kizima. La pili ni kiwango, kuanzia 0 hadi 127, na hicho kila sauti ina chake: sauti kuu, sauti ya pili uliyoipandisha juu yake, na ile ya mkono wa kushoto ukiwa umeigawa kibodi. Niligundua kwa kuumia kwamba besi ya mkono wa kushoto ndiyo inayochafua kila kitu ikitiwa eko. Siku hizi besi yangu haivuki 10. Piano inabaki 20 au 25, na nyuzi ndizo naziachia mpaka 40.

Na kuna mtego. Unapanga viwango vyako vizuri, kisha katikati ya wimbo unabadilisha sauti kutoka piano kwenda ogani. Kinanda kinaleta ogani pamoja na viwango vyake vya kiwandani, na kazi yako yote imekwenda. Dawa yake ni kuhifadhi mpangilio mzima kwenye vitufe vya rejista, yaani vile vya kumbukumbu ya kinanda, ili uitwe kwa kidole kimoja. Hata umeme ukikatika katikati ya ibada, ukirudi unabonyeza rejista yako unaendelea. Nilipokuwa sijui hili, nilikuwa nainama kutafuta namba huku mchungaji ananisubiri na maiki mkononi.

Humo kwenye kinanda kuna pia korasi (si ile ya kuimba, ni jina tu limegongana). Inachukua sauti yako, inatengeneza nakala yake, inaichelewesha kidogo sana na kuiyumbisha juu na chini, halafu inazichanganya. Sikio linadhani ni vyombo viwili vinavyopiga pamoja. Kwenye piano ya umeme na nyuzi inapendeza. Kwenye piano ya kawaida mimi siitaki kabisa, inaifanya isikike kama imelegea nyuzi. Halafu jaribu hili: sikiliza korasi kwenye hedifoni, kisha uisikilize kwenye spika moja ya kanisa. Ule upana wote unapotea, na wakati mwingine sauti inakonda, kwa sababu pande mbili zilizotofautiana, kushoto na kulia, zimelazimishwa kuwa moja.

Sasteni si eko, ingawa watu huzichanganya. Yenyewe inarefusha noti baada ya kuachia kidole. Ukiwa na pedali ya mguu, zima kile kitufe cha sasteni cha juu ya kinanda. Vikifanya kazi vyote viwili utajikuta kisimani tena hata rivabu ikiwa sifuri.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote halimo kwenye kinanda. Limo kwenye miksa, mashine ya fundi mitambo ya kuchanganya sauti. Nilikuwa nimeshapunguza kila kitu, na bado mama yule ananitazama vilevile. Jumapili moja nikamwomba kijana mmoja akae kwenye kinanda apige, mimi nikaenda kukaa benchi la mwisho. Eko ilikuwa palepale. Nikamfuata fundi mitambo: "Kaka, kwenye chaneli ya kinanda umeweka eko?" Akajibu, "Ndiyo, si ndiyo inaleta utamu?" Basi kumbe yeye anatia, mimi natia, na bati linatia. Tulikubaliana: eko ya waimbaji ni yake, ya kinanda ni yangu, chaneli yangu ibaki kavu.

Nje ni habari nyingine kabisa. Msimu wa korosho pesa ikishaingia, harusi hufuatana, na nyingi hupigwa uwanjani. Niliwahi kupiga Mikindani chini ya mwembe, nikiwa na viwango vyangu vya kanisani, na piano ikasikika kama inapigwa ubao. Hapakuwa na ukuta wa kurudisha chochote, na upepo wa bahari ulikuwa unabeba kilichobaki. Nikapandisha piano hadi 60 na nyuzi hadi 80, ndipo ikapata mwili. Kwa mahali pa wazi ile rivabu ya ukumbi niliyoiponda hapo juu ndiyo mkombozi.

Mvua ikipiga bati, usihangaike na eko wala sauti laini. Weka rivabu sifuri, chagua piano yenye ukali, punguza besi, kisha piga kodi chache tu ili waimbaji wapate pa kushikia. Nimeandika namba zangu zote tatu, za ndani, za nje na za mvua, kwenye karatasi niliyoibandika kwa selotepu nyuma ya stendi ya nota, kwa sababu mpiga kinanda mwenzangu akishika zamu hubadilisha kila kitu na hasemi.