Walimu waangaliane wakisomesha

Jarida limeuliza wiki hii: mwalimu wa masomo ya jamii aliyekwisha kuajiriwa anahitaji mafunzo gani ili asomeshe vizuri zaidi?

Jibu langu ni hili. Walimu wanne hadi sita wa skuli moja au skuli jirani watayarishe somo moja pamoja. Mmoja alisomeshe, wengine wakae wawaangalie wanafunzi, kisha walirekebishe na lisomeshwe tena kwenye darasa jengine. Wajapani wameufuata utaratibu huu kwa miaka mingi, na kwao ndiko ulikoenea kwenda nchi nyengine. Semina za vituo vya walimu zina kazi yake, hasa mtaala unapobadilika, lakini mwalimu hurudi nazo kabrasha tu, na kabrasha halimwoneshi mtoto anakwama wapi.

Kazi ianze na swali, si mada. "Kilimo cha karafuu" ni mada, na haimlazimishi mtu kufikiri. Swali ni hili: kwa nini Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi, ilhali zamani Unguja ilikuwa mbele? Hapo Historia na Jiografia zinakutana, na mtoto wa Wete au Mkoani ana la kusema kabla hajafungua kitabu.

Kila kundi la wanafunzi lipewe kadi nne, kila moja ina sentensi mbili tu. Ya kwanza: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikanusurika kwa wingi. Ya pili: mkarafuu uliopandwa upya huchukua kiasi cha miaka sita hadi minane kuanza kuzaa. Ya tatu: upande wa mashariki wa Unguja ni maweni, udongo wake ni haba, na Pemba ina vilima vingi vyenye udongo wa kina. Ya nne: mvua za Pemba kwa kawaida ni nyingi zaidi.

Kabla ya somo, walimu waandike majibu wanayoyatarajia. Wengi watasema "Pemba ina rutuba" na kunyamaza. Basi swali la kufuatia liwe tayari kwenye andalio la somo: rutuba hiyo ilikuwepo hata kabla ya 1872, mbona wakati ule Unguja ndiyo iliyokuwa mbele? Hapo mwanafunzi analazimika kutenganisha mambo mawili. Udongo na mvua zinaeleza kwa nini Pemba imebaki mbele. Kimbunga na umri wa mti vinaeleza kwa nini mabadiliko yalitokea wakati ule. Mwalimu asiyekuwa na swali hili mkononi hulipokea jibu la rutuba, akaliandika ubaoni, na somo likafia hapo. Kwa maoni yangu, kulitafuta swali hili moja ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na mara chache mtu hulipata akiwa peke yake.

Siku ya somo, kila mwangaliaji achukue wanafunzi watatu au wanne na akae karibu nao. Karatasi yake iwe na safu tatu: dakika, swali la mwalimu, na maneno yenyewe ya mwanafunzi. Asimsaidie mtoto wala asimsahihishe. Walimu wengi hushindwa hapa. Wanaandika "mwalimu ana sauti nzuri" au "ubao umepangwa vizuri", na kikao kinageuka ukaguzi. Aliyesomesha akihisi anahukumiwa, safari ya pili atachagua somo jepesi lisilo hatari. Kwa hiyo kikao kifanyike siku ile ile, dakika 45 zinatosha, na aliyesomesha aanze kusema. Kila anayefuata asome kwanza alichokiandika kwenye safu ya tatu, ndipo atoe rai.

Kwenye madarasa ya sekondari ambako Historia husomeshwa kwa Kiingereza, kimya cha kundi kisichukuliwe kuwa ni ujinga. Waacheni wajadiliane kwa Kiswahili, kisha waandike jibu kwa Kiingereza. Mtajua kama kilichowashinda ni sababu za kihistoria au lugha, kwa sababu matibabu yake ni tofauti.

Wakati ndio kikwazo kikubwa. Skuli yenye mikondo miwili inaweza kuutumia mgawanyo huo: mwalimu wa mchana aje asubuhi kuangalia, na kikao kiwe pale mikondo inapopishana. Ramadhani iachwe. Msimu mkubwa wa uchumaji wa karafuu pia uachwe, kwani mahudhurio yakishuka hamtajua ni somo lililobadilika au ni wanafunzi. Mizunguko miwili kwa muhula inatosha, mmoja wa Historia na mmoja wa Jiografia au Uraia.

Mwalimu aliye peke yake katika somo lake asingojee wenzake wa somo lile. Wa Kiswahili au wa Sayansi anaweza kukaa nyuma ya darasa na kuandika maneno ya wanafunzi vizuri kabisa. Kutunga kadi na lile swali la kufuatia ndiko kunakohitaji mjuzi wa somo, na hilo anaweza kukaa na mwenzake wa skuli jirani Jumamosi moja wakalimaliza.