Maswali ya Wasomaji: Nyenzo za Kufundishia Sayansi ya Siasa Chuoni

Nimepangiwa somo la utangulizi wa sayansi ya siasa. Maktaba ina nakala mbili tu za kitabu cha kiada na wanafunzi ni 80. Nianzie wapi?

Anza na hati zenyewe, mwalimu, kabla ya vitabu vinavyozieleza. Tovuti ya Constitute ina katiba za karibu nchi zote zinazotumika sasa, bila malipo, na ibara zake zimepangwa kwa mada. Ukichagua mada ya kumwondoa mkuu wa nchi madarakani, unaletewa ibara husika tu. Kila kundi la watu wanne lipe katiba mbili na mada moja, lijibu mambo matatu: nani anaanzisha, wingi gani wa kura unahitajika, na nani ana neno la mwisho. Dakika 50 zinatosha. Ukiwapa katiba nzima watasoma dibaji na kuishia hapo. Ujue pia kwamba nyingi ni tafsiri, kwa hiyo mjadala ukisimama juu ya neno moja, rudini kwenye lugha rasmi ya nchi hiyo.

Kitabu cha kiada cha bure kipo: OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ilitoa cha utangulizi mwaka 2022. Kabla ya kuchapa au kutafsiri maandishi yoyote ya bure, soma herufi za leseni ya Creative Commons. BY ni kumtaja mwandishi. NC ni kutofanyia biashara. SA ni kuitoa kazi yako kwa masharti yaleyale. ND ndiyo inayowaponza wengi: inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na kutafsiri kunahesabiwa kuwa kubadilisha. Vilevile, maandishi ya mwanafalsafa Hobbes ya 1651 hayana mwenye hakimiliki tena, lakini tafsiri mpya ya Machiavelli ni mali ya aliyeitafsiri.

Wanafunzi wanakariri "uwakilishi wa uwiano" (viti kugawanywa kulingana na kura) ila hawaelewi kwa nini kanuni mbili za uwiano zitoe mabunge mawili tofauti. Kuna programu ya kuwaonyesha?

Zipo, lakini usianze nazo. Programu hutoa jibu ikaficha hesabu, na hapa hesabu ndiyo somo. Chukua chaki.

Andika kura 100,000 na viti 10. Chama A kimepata 46,000, B 29,000, C 17,000, D 8,000. Kwa kanuni ya D'Hondt, kura za kila chama zinagawanywa kwa 1, 2, 3, 4, 5 na kuendelea, kisha viti vinakwenda kwenye majibu 10 makubwa kuliko yote. A kinaingiza 46,000, 23,000, 15,333, 11,500 na 9,200. B kinaingiza 29,000, 14,500 na 9,667. C kinaingiza 17,000 na 8,500. Kumi zimetimia: A viti 5, B 3, C 2. D kinatoka mikono mitupu, kwa kuwa 8,000 zake zimezidiwa na 8,500 za C.

Sasa futa vigawanyo, andika 1, 3, 5, 7, 9. Hiyo ni Sainte-Laguë. Zinazoingia ni 46,000, 15,333, 9,200 na 6,571 za A. 29,000, 9,667 na 5,800 za B. 17,000 na 5,667 za C. Na 8,000 za D. A viti 4, B 3, C 2, D 1. Hakuna kura iliyoguswa. Kilichotokea ni kwamba chama kikishapata kiti cha kwanza, D'Hondt hukipunguzia hesabu hadi nusu, Sainte-Laguë hadi theluthi. Mkubwa analipia zaidi kiti cha pili, na mdogo anapata upenyo.

Usifute ubao bado. Weka kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kura cha kupata kiti, cha asilimia 10, D kitoke kabla ya kugawanya, urudie Sainte-Laguë. Kiti cha kumi kinarudi kwa A kwa 5,111, na matokeo yanakuwa 5, 3, 2, sawasawa na D'Hondt. Hapo darasa huamka, maana linaona kuwa kizingiti kinaweza kuwa na uzito kuliko kanuni iliyobishaniwa saa nzima. Ukitaka mifano hai, Hispania na Ureno hutumia D'Hondt. Ujerumani na New Zealand hutumia Sainte-Laguë zikiwa na kizingiti cha asilimia 5, chenye masharti yake.

Wanafunzi hukosea zaidi kwa kuacha kugawanya mapema. Wakiishia mstari wa tatu, viti vya nne na vya tano vya A havionekani. Sheria ni moja: gawanya mpaka jibu lishuke chini ya kiti cha mwisho kilichogawiwa.

Vipimo viwili vya demokrasia vinaipa nchi moja sura mbili. Niwafundishe kipi?

Vyote viwili, kwa nchi moja, kwa miaka 20, kwenye grafu mbili. Kisha swali liwe: tofauti imetoka wapi? Freedom House, shirika la Marekani, hutoa alama 100, 40 za haki za kisiasa na 60 za uhuru wa kiraia. V-Dem, taasisi ya kupima demokrasia yenye makao Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, ina faharasa (vipimo vya jumla) nyingi za kati ya 0 na 1, na baadhi ya takwimu zake zinarudi hadi 1789. Faharasa yake ya demokrasia ya uchaguzi haipimi kitu kilekile kinachopimwa na alama 60 za uhuru wa kiraia, kwa hiyo kupishana si lazima kuwe kosa la yeyote.

Kosa tunalokutana nalo kila mara ni mwanafunzi kuandika kwamba nchi yenye 0.71 ina demokrasia kuliko yenye 0.69. V-Dem huchapisha kiwango cha juu na cha chini cha makadirio kwa kila alama. Viwango vya nchi mbili vikiingiliana, usizipange nani wa kwanza.

Faili zima la V-Dem lina maelfu ya safu na hukwamisha kompyuta dhaifu. Pakua safu unayoitaka tu kupitia tovuti ya takwimu ya Our World in Data. Na ukiunganisha majedwali mawili, usitumie majina ya nchi: Kongo ziko mbili na kila jedwali lina tahajia yake. Tumia msimbo wa herufi tatu, COD na COG, ukae salama.

Igizo la Baraza la Usalama huisha kwa dakika kumi, mwenye turufu (haki ya kuzuia azimio kwa kura yake peke yake) anapiga turufu tukaondoka. Tufanyeje?

Turufu isiyo na gharama itapigwa tu. Tangu Aprili 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hukutana ndani ya siku 10 za kazi baada ya turufu kupigwa, kujadili suala hilo. Igeni: aliyepiga turufu asimame robo saa ajibu maswali ya darasa zima, na aandike nusu ukurasa wa sababu. Pia kura isipigwe kabla ya dakika ya 60.

Kwa darasa la watu 60, unda makundi 15 ya watu wanne, kila kundi nchi moja. Azimio lisilo la utaratibu linahitaji kura 9 za ndiyo bila turufu. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inadai kura za ridhaa za wanachama wa kudumu, na msomaji wa juujuu ataapa kwamba kutopiga kura ni turufu. Sivyo. Desturi ya Baraza ni tofauti, na Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliitambua katika maoni yake kuhusu Namibia mwaka 1971. Alama zitoke kwenye karatasi ya msimamo wa nchi, iliyojengwa kwa kumbukumbu za mikutano ya Baraza la Usalama, zile zenye alama S/PV. Ukipima ufasaha, wasemaji wawili watakula alama za wote.

Nafundisha kwa Kiswahili. Dola, serikali, nchi na taifa kwao ni kitu kimoja. Nitumie kamusi gani?

Kamusi ya jumla haitakusaidia sana, kwa sababu hueleza matumizi ya kila siku, na huko maneno haya yanapishana kweli. Tengeneza orodha ya istilahi za somo, maneno 40 hivi, kila neno na mfano unaokubalika na mfano unaokataliwa. Anza na Mkataba wa Montevideo wa 1933, unaotaja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Serikali ikiwa ni moja kati ya sifa nne, haiwezi kuwa dola yenyewe. Kwa taifa, Wakurdi ni mfano wa taifa lisilo na dola yake. Atakayesema dola ni pesa, mwacheni acheke na wenzake, kisha aulizwe: serikali ikianguka usiku huu, deni la jana ni la nani?