"Inadaiwa" na nani?

Umeuliza kwa nini magazeti huandika "anadaiwa kuiba" hata pale mtu amekamatwa na mali mkononi. Ni kwa sababu mahakama haijamtia hatiani. Mpaka hapo ni mshukiwa, na mwandishi akimwita mwizi anaweza kushtakiwa kwa kumchafulia jina.

Kinachonikera mimi ni "inasemekana" isiyo na msemaji. "Polisi wanadai" naweza kuipima, "inadaiwa" tupu siwezi. Tena angalia vitenzi: ukiandika waziri "amefichua", umeshamkubalia kwamba alichosema ni kweli. "Amesema" inatosha kabisa.

Uhakika wa mapema nao una madhara. Kenya, kwenye uchaguzi wa rais wa Agosti 2022, fomu 34A (za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura) zilikuwa wazi kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, lakini kila kituo cha runinga kilijumlisha kwa mpangilio wake. Basi saa ileile huku Ruto anaongoza, kule Raila, na watu roho juu. Tofauti hiyo haikuhitaji mtu adanganye. Kwenye namba za namna hiyo, kinachohitaji maandishi makubwa kuliko jina la anayeongoza ni hiki: fomu ngapi zimeshajumlishwa, na za kutoka wapi.