Jibu: Jicho halioni baada ya ajali ya bodaboda

Waaleikum salaam dada. Kijana wako kaanguka Nyali, jicho la kushoto halioni ingawa kwa nje halina jeraha, nawe wataka sindano za steroidi, dawa za kupunguza uvimbe. Mdogo wangu yalimpata hayo hayo. Mulika tochi jicho lisiloumia, kisha hamishia haraka lile lisiloona. Mboni yake ikitanuka badala ya kusinyaa, yaelekea neva ya jicho, ile inayopeleka picha ubongoni, imeumia. Ombeni sitiskani (CT scan, picha ya ndani ya kichwa) leo hii, waangalie kama kuna kipande cha mfupa au damu inayoibana neva hiyo. Steroidi nyingi, tafadhali, msizikimbilie: kwenye utafiti wa CRASH wa 2004, majeruhi wa kichwa zaidi ya 10,000, waliodungwa steroidi walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Wengine nuru hurudi kiasi bila dawa. Mdogo wangu alianza kuona kivuli cha mkono, wiki ya tatu.