Kabla ya kununua miwani ya kuzuia mionzi, geuza feni

Nafanya kazi steshenari hapa Dar es Salaam. Msimu wa wanafunzi wa chuo kukabidhi ripoti zao za utafiti, nakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka usiku, na wateja wangu huniuliza: "Dada, huogopi mionzi?" Wanauliza kwa kunijali. Ila wafanyabiashara nao wameiona hofu hiyo: wanapita na miwani ya kuzuia mionzi, stika za kubandika nyuma ya simu, na bei zake si za mchezo. Inaniuma kuona mama mwenye genge akitoa hela ya mtaji kwa ajili ya stika.

Hofu haikutoka hewani. Televisheni za chogo zilikuwa na mrija ambamo elektroni zilirushwa kwa umeme wa maelfu ya volti kwenda kugonga kioo, na mgongano huo ulizalisha eksirei kidogo. Mwaka 1967 huko Marekani iligundulika kuwa baadhi ya televisheni za rangi zinavujisha kupita kiasi, na mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kudhibiti. Wazazi wetu walipotufokea tukae mbali na TV, walikuwa na pa kushikia. Lakini vioo bapa vya leo havina mrija huo, kwa hiyo eksirei haipo kabisa. Kinachotoka ni mwanga wa kawaida, na mawimbi dhaifu ya sumakuumeme yasiyo na nguvu ya kuvunja vinasaba vya mwili.

Simu inatumia mawimbi ya redio, na hapa ndipo watu hunitajia saratani. Ni kweli, mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyaweka mawimbi hayo kundi la 2B, maana yake huenda yakasababisha saratani ila ushahidi ni mdogo. Katika kundi hilohilo imo dondoo ya jani zima la alovera. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi mkubwa ulioagizwa na WHO wenyewe, nao haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Ukiwa bado na wasiwasi, ongea kwa spika au tumia earphone. Mawimbi hupungua haraka simu ikikaa mbali na kichwa, na njia hiyo haikugharimu kitu.

Mbona basi macho yanawasha na kichwa kinagonga jioni? Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo, idadi inashuka hadi nusu au pungufu ya hapo, na machozi yanakauka juu ya jicho. Dukani kwetu feni ilikuwa mezani, ikinipuliza usoni moja kwa moja, maana joto la Dar mnalijua. Kufika saa kumi jioni macho mekundu, yanachoma kama yana mchanga. Nilipoigeuza ipulize miguuni, nafuu ilikuja wiki ileile. Kisha nikageuza meza, kwa sababu mlango ulikuwa nyuma yangu na jua lote la mchana lilikuwa likigonga kioo. Kompyuta ya mezani ikikulazimisha kuinua shingo, ishushe. Ukingo wa juu wa kioo usizidi usawa wa macho. Kila baada ya dakika 20 hivi natazama ng'ambo ya barabara, kwenye mabango, huku nikipepesa macho makusudi. Kuhusu ile miwani inayouzwa kuchuja mwanga wa bluu wa kioo, Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, walichambua majaribio 17 mwaka 2023 na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho.

Usiku ni habari nyingine. Mwanga mkali kabla ya kulala huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi, na hizo video fupi zenyewe zinaondoka na saa nzima. Simu ichajiwe sebuleni, na kama unaitegemea kwa kengele ya asubuhi, nunua saa ya mezani.

Wanaonitia wasiwasi hasa ni watoto. WHO mwaka 2019 walishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kutazama vitu vya karibu muda mrefu, bila kucheza nje kwenye mwanga wa mchana, kunaongeza hatari ya kutoona mbali. Kwa hiyo ukimwona mtoto anaisogelea TV, anakunja macho akitazama ubao, au anainamia daftari mpaka pua inaligusa, usimfokee kuhusu mionzi. Mpeleke kliniki ya macho apimwe. Na wewe uliyefika miaka arobaini, unayesogeza simu mbali ndipo usome meseji, nenda naye mpimwe wote.