Unataka Kuwa Fundi wa Nguo? Anza na Mdoli wa Mti

Juma lililopita mdoli wangu wa mti, niliouvalisha nguo nilizoshona mwenyewe, umenunuliwa kwa bei inayozidi gauni la sendofu. Nalisema makusudi, maana wapo waliokuwa wakipita kibarazani kwangu Magomeni wakiniuliza kama nimekosa wateja watu wazima. Shemeji yangu aliniita "mama midoli" mbele ya wageni. Nimemsamehe. Kusahau ni jambo jingine.

Kilichonivuta ni picha za Lord na Lady Clapham, midoli ya mti ya Uingereza ya miaka ya 1690. Imo Victoria and Albert Museum, London, tangu 1974, baada ya watu kuchanga fedha ili isiuzwe nje ya nchi. Kuchangia midoli! Sababu ni nguo. Huyo Lady Clapham kavalishwa kama tajiri wa wakati wake: shimizi, korseti ya kubana kiwiliwili, sketi za ndani, soksi, kisha gauni la hariri. Nguo za wanawake hai wa enzi hizo nyingi zilikatwa na kushonwa upya mpaka zikaisha; za mdoli zimebaki.

Nikaenda Mwenge kwa mchongaji, nikaomba anichongee mdoli wa mninga. Mpingo sikuutaka, ni mgumu na mzito.

Sasa sikilizeni. Shona kuanzia ndani. Ukiruka korseti, gauni litakaa kama gunia, nawe utalaumu cherehani. Kitambaa kiwe chepesi mno, melimeli au hariri laini, kwa sababu kwenye mwili mdogo kitambaa kizito hakianguki, kinasimama. Maua ya kitambaa yawe madogo. Zipu sahau, watu wa enzi za Lady Clapham walishikiza kwa pini na kamba. Na narudia, anza ndani.

Wewe dada uliyeniandikia kuhusu mdoli wa zamani wenye gauni chafu, usilifue! Hariri kuukuu ikilowa huweza kuchanika na kuchuja rangi. Uweke mbali na jua, wala usiufunge kwenye nailoni, kwa unyevu huu wa Dar utaota ukungu.

Malkia Victoria utotoni alikuwa na midoli ya mti 132, na 32 kati yake aliivalisha mwenyewe. Hakuna aliyemwita mama midoli. Ninyi mabinti mnataka gauni la bibi harusi kabla hamjajua mkono unavyoingia begani! Shikeni sindano kwanza, cherehani ya umeme itawangoja.

Mwenge nendeni na mchoro wenye vipimo. Mkimweleza mchongaji kwa mdomo tu, atawachongea Mmasai.